Je, ni Bandia?

Philip Ndunguru alipofariki mwaka 1986, wachoraji wengine waliendelea kuwachora Lodi Lofa na Ndumilakuwili katika jarida la Sani. Wako wasomaji wa siku nyingi, hata huko Igogo, Mwanza, waziitao kazi hizo za baadaye “bandia”. Jicho lao twaliheshimu, kwani mkono wa mchoraji haurithiki. Istilahi yao, hata hivyo, hatuikubali. Kitu bandia hukusudiwa kudanganya. Hapa jarida ni lile lile, na neno hilo lamhukumu mrithi kabla hajasomwa. Twapendekeza “mwendelezo”. “Mwigo” uwe ni kumchora lofa wa kufanana naye katika jarida jingine. Na mhusika mdogo akipewa hadithi yake mwenyewe, hiyo iitwe “chipukizi”, kama la mgomba.