Vichwa vya BAM Visipolingana: Soma Kabla ya Kubandika

Mradi wa Jenomu 1000, uliokamilika mwaka 2015 kwa watu 2,504 kutoka jamii 26, una data za Waluhya 99 wa Webuye, magharibi mwa Kenya. Data hizo ni za bure, na seli za watu hao zimehifadhiwa katika taasisi ya Coriell nchini Marekani, hivyo maabara inaweza kuagiza DNA ile ile na kuisoma upya. Usomaji wa mradi ulikuwa wa kina kidogo, wastani wa mara 7 hivi kwa kila herufi. Mtafiti aliyesoma tena DNA ya mmoja wao anataka kuunganisha mafaili mawili ya BAM, yaani ya vipande vya DNA vilivyooanishwa na rejeleo, moja la mradi na moja la maabara yake, ili aone vizuri zaidi. Programu ya Picard inamkatalia: kamusi za mifuatano hazilingani. Samtools inaweza kukubali, kisha ikatoa faili ambamo "1" na "chr1" ni kromosomu mbili tofauti.

Wengi hapo hukimbilia kubadili kichwa cha faili. Mimi naona kukataa kwa Picard ni msaada, na kazi ya kwanza ni kujua tofauti yenyewe ni ya aina gani.

Toa vichwa vyote viwili kwa samtools view -H, uweke mistari ya @SQ, inayoorodhesha mifuatano ya rejeleo, bega kwa bega. Faili la mradi lilioanishwa na rejeleo la hs37d5, lenye mifuatano 86, majina yake 1, 2, 3 hadi X, Y na MT. Faili la maabara, tuseme, lilioanishwa na hg19 ya UCSC katika mpangilio uliosambazwa pamoja na GATK: mifuatano 93, chrM ikiwa ya kwanza kabisa, kisha chr1, chr2 na kuendelea.

Mpangilio huo ndio wenye hatari. Ndani ya BAM, kipande cha DNA hakibebi jina la kromosomu. Kinabeba namba inayoanzia sifuri, na maana ya namba hiyo iko kwenye kichwa peke yake. Ni kama sanduku la posta: barua ina namba, jina la mwenye sanduku limo katika daftari la posta. Sasa chukua kichwa cha hs37d5 ukibandike juu ya faili la hg19 kwa samtools reheader. Amri itapita kimya, kwa kuwa haigusi rekodi. Vipande vya mitokondria vitahamia kromosomu 1, vya chr1 vitaitwa vya 2, vya chr22 vitakuwa vya X. Vya chrX vitaangukia Y, ambayo ina herufi 59,373,566 tu wakati X ina 155,270,560, na vya chrY vitasongamana kwenye mitokondria yenye herufi 16,569. Samtools quickcheck haitaona kasoro, maana inakagua kichwa na mwisho wa faili, basi.

Kama tofauti ingekuwa ya majina peke yake, huku mpangilio na mifuatano ni ile ile, kubadili kichwa kungekuwa halali. Hata hivyo, sehemu ya SA ndani ya rekodi, inayotaja mahali pengine kipande kilipoangukia, huandika jina la kromosomu kwa maandishi, na reheader hailifikii. Mpangilio ukitofautiana, rekodi zenyewe zipangwe upya kwa ReorderSam ya Picard.

Lakini hapa hata mifuatano inatofautiana. chrM ya hg19 ina herufi 16,571. MT ya hs37d5 ina 16,569. Hizo ni rejea mbili za mitokondria, na nafasi za moja hazihamii kwenye nyingine kwa kubadili jina. Kromosomu Y inadanganya zaidi: urefu ni sawa kabisa, ila hs37d5 imezifunika kwa herufi N ncha za Y zinazofanana na X, na hg19 haikuzifunika. Kwa hiyo kulinganisha urefu, kipimo ambacho wengi huridhika nacho, hakutoshi. Linganisha thamani za M5, yaani muhtasari wa MD5 wa kila mfuatano. Zisipokuwepo kwenye kichwa, zikokotoe kutoka faili la rejeleo kwa samtools dict.

Majina nayo yanaweza kufanana bila mifuatano kufanana. chr1 ya hg19 ina herufi 249,250,621, ya GRCh38 ina 248,956,422, na zote zinaitwa chr1.

Kuna pia mfuatano wa chambo uliomo hs37d5, herufi milioni 35 na ushei, unaovuta vipande ambavyo vingejibandika pasipo pake. Faili la hg19 halikuwa nao, hivyo vipande hivyo vimekwisha kuangukia kromosomu za kawaida na vinaweza kuzaa mabadiliko ya uongo. Kichwa kipya hakiwezi kuvirudisha.

Kwa hiyo uamuzi wangu katika kisa hiki hauna nusu nusu: rudisha faili la maabara kwenye FASTQ kwa samtools collate na samtools fastq, lioanishe upya na hs37d5 kwa bwa mem, lipange, ndipo uunganishe. Itachukua saa nyingi za kompyuta, lakini matokeo yatakuwa ya kuaminika.

Kabla ya kuunganisha, tazama mistari ya @RG, yaani ya vikundi vya usomaji. Mtu ni mmoja, hivyo SM, yaani jina la sampuli, iwe moja. Usomaji ni wa maabara mbili, hivyo ID zitofautiane. ID zikigongana, samtools ya sasa huongeza kiambishi ili kuzitenganisha, na chaguo la -c huziunganisha, jambo ambalo hapa hulitaki. Matoleo ya 0.1 yalichukua kichwa cha faili la kwanza na kuacha vingine, kwa hiyo mafaili ya zamani yana rekodi zinazotaja vikundi visivyotajwa kichwani.

Baada ya kuunganisha, pima kina kwa kila @RG peke yake. Kwa mwanamume, kina cha X nje ya ncha zake zinazofanana na Y kinapaswa kuwa karibu nusu ya kile cha kromosomu 1 hadi 22, katika vikundi vyote viwili.