Mwenye Nyumba na Wapangaji Wake katika Riwaya ya Upelelezi

Asomaye riwaya za upelelezi za Kiswahili tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Bw. Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, hakosi kuona kwamba Bwana Msa amerithi mengi kwa Sherlock Holmes: kiko, rafiki wa kumwuliza maswali, na tabia ya kusoma alama ndogo ndogo. Jambo moja hakulirithi. Holmes ni mpangaji. Akaa London katika vyumba vya Bibi Hudson. Tena katika hadithi ya Conan Doyle ya mwaka 1911, The Red Circle, anayemjia mpelelezi kwa hofu ni mwenye nyumba, Bibi Warren, kwa kuwa mpangaji wake haonekani kamwe.

Kisa hicho hakiwezi kuhamishiwa Kariakoo kama kilivyo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Jiko, choo na maji viko uani. Mpangaji asiyeonekana siku mbili huvunjiwa mlango. Kila mtu ajua nani amelala na njaa na nani adaiwa kodi. Yaelekea ndiyo sababu waandishi wetu waliikwepa nyumba hiyo. Bw. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliitundika hofu kwenye chombo ambacho wapangaji wengi wa chumba kimoja hawakuwa nacho wakati ule. Naye Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), alimvusha Willy Gamba mipaka ya nchi.

Waliipita hazina mlangoni. Fumbo la nyumba ya kupanga haliko katika kumjua mtenda, bali katika kumpata msemaji. Wapangaji sita wana vipande sita vya habari, na kila mmoja akifikiri juu ya kodi ya mwezi ujao huona heri kunyamaza. Lugha yenyewe yampa mwandishi mchezo usiohitaji kubuniwa, maana kitenzi ni kimoja: watu hupanga chumba, na watu hupanga njama. (Ajabu ni kwamba hakuna jina la riwaya mashuhuri lililolitumia hilo.)

Hata hivyo, mwandishi atakayeuona uwazi wa ua kuwa kizuizi na autazame mji wa Bariadi. Bariadi si jiji; lakini tangu mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na makao yake kuwekwa hapo, mji umepokea watumishi na wafanyabiashara wa makabila mengi, ambao hukaa vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba aweza kuwa mkulima wa pamba, au mwenye ng'ombe aliyegeuza mifugo kuwa matofali. Yeye na jirani zake huzungumza Kisukuma. Mpangaji aliyetoka Mtwara au Pemba hana ila Kiswahili. Hapo ukuta mwembamba hauna neno, kwa kuwa lugha ndiyo ukuta.

Ugumu wa kazi hiyo si mdogo, nao ni ugumu wa isimu kuliko wa visa. Mwandishi akiyaandika maneno ya uani kwa Kisukuma bila tafsiri, msomaji wa Maswa atamjua mwuaji kurasa hamsini kabla ya msomaji wa Tanga. Akiyafasiri, fumbo limekwisha. Akisema tu kwamba “walizungumza kwa lugha yao”, amemwibia msomaji haki ya kushindana na mpelelezi, ambayo ndiyo sharti la kwanza la riwaya za aina hii. Njia ya kwanza ndiyo bora, hata ikiwagawa wasomaji. Kwani imewagawa vile vile ilivyowagawa wapangaji.

Mpelelezi atumwaye kutoka Dar es Salaam ataketi uani humo asubuhi nzima. Ataamkiwa “mwangaluka” kwa adabu, atapewa kigoda na maji ya kunywa, na habari yote aitafutayo itasemwa mbele yake, kwa sauti ya kawaida, asiisikie.