Sentimita 20 za Maji

Mashua aina ya Wayfarer, ubao wake wa katikati ukishapandishwa, huelea penye kina cha sentimita 20, maji yasiyofika goti. Ian Proctor, Mwingereza aliyeisanifu mwaka 1957, aliipa urefu wa mita 4.82 na sakafu pana kiasi cha watu wawili kujinyoosha na kulala. Haina chumba wala paa. Ikifungwa gatini kando ya yoti yenye vitanda, choo na injini, wengi huiona kuwa chombo cha kujifunzia tu, cha kuachwa pindi mtu akishajua kuendesha na mfuko ukiruhusu. Hukumu hiyo naipinga. Kwa mwanamaji wa ridhaa anayetaka kusafiri kandokando ya pwani, siku mbili tatu au juma zima, mashua ndogo ya wazi ni chombo kilichokamilika, na kinachoikamilisha ni huo udogo wake.

Tuanze na pwani yenyewe. Ramani huichora kama mstari, lakini aliyeizoea anajua kwamba ni ukanda mpana wa matope, mafungu ya mchanga na mahori yanayoingia bara. Kule Hamford Water, katika pwani ya Essex, ambako Arthur Ransome aliweka riwaya yake ya Secret Water ya mwaka 1939, maji yakipwa hubaki uwanda wa matope uliokatwakatwa na mifereji myembamba. Yoti yenye mkuku wa mita moja na nusu hulazimika kubaki kwenye mfereji mkuu. Dingi, yaani mashua ndogo ya wazi kama Wayfarer, huingia hadi mwisho wa hori, maji huipungukia, ikakaa matopeni bila kuumia, na wenyewe wakachemsha chai wakingoja maji yarudi. Pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, yenye mikoko, miamba na mafungu yanayoibuka maji yakitoka, inadai chombo cha tabia hiyohiyo. Ngalawa ni jibu lake: gogo lililochongwa likawa jembamba, likapewa ndubi ubavu huu na huu lisipinduke, na mvuvi akaweza kupita juu ya mwamba hadi mchangani. Proctor aliupata utulivu kwa kutanua kiwiliwili cha mashua. Fundi wa ngalawa aliupata kwa ndubi. Njia zao ni tofauti kabisa, ila hakuna aliyekubali mkuku mzito, maana mkuku mzito humfungia mtu nje ya sehemu ya pwani iliyo tamu kuliko zote.

Udogo huo hubadilisha pia nafasi ya mtu ndani ya chombo. Wayfarer tupu ina uzito wa kilo 170 hivi, na watu wazima wawili hukaribia uzito huo. Katika yoti, kinachozuia chombo kisilale ni risasi au chuma kilichofungiwa chini, na kazi hiyo hufanyika hata mabaharia wakiwa usingizini. Katika dingi farumi ni wao wenyewe. Upepo ukizidi ghafla, husogea joshini, huegemea nje, hulegeza demani. Ukipungua, hurudi ndani. Anayekwenda bisho namna hiyo kwa saa tatu huwa ameamua mambo mengi mno, na mengi kati ya hayo huamuliwa na mgongo na nyonga kabla akili haijayatamka. Wala kosa halisubiri kuonekana. Tanga likikazwa kupita kiasi, yoti kubwa hupoteza kasi kidogo tu, pengine bila ya nahodha kutambua, hali dingi huinama palepale na kuteka maji ubavuni. Mwalimu anayesahihisha kosa saa ileile linapotendeka ndiye ninayemwamini kuliko vyeti vyote.

Kisha kuna mwendo wa maji. Mashua ya ukubwa huu, kwa upepo wa wastani, huenda kiasi cha maili 4 za baharini kwa saa. Mkondo wa maili 3 ukija mbele, msafiri huambulia maili 1. Ukija nyuma, hupata 7. Mwenye injini kubwa anaweza kuuona mkondo kuwa kero ndogo, lakini mwenye dingi hapangi safari kabla ya kuuhesabu. Ipo kanuni ya zamani ya kugawa maji mafungu 12 kwa saa 6 za kujaa: saa ya kwanza huleta fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya mwisho 1. Wakati wa bamvua huko Unguja, ambapo tofauti ya maji hufikia mita 4 hivi, maana yake ni kwamba katika saa ya tatu peke yake bahari hupanda mita nzima. Ni makisio, bila shaka, na umbo la hori au nguvu ya upepo huyapotosha, lakini anayeyabeba kichwani hujua saa ya kung'oa nanga na saa ambayo fungu litapitika. Wavuvi wa pwani hawakungoja kufundishwa hilo na vitabu. Wanautazama mwezi, wanajua kama ni bamvua au maji mafu, na siku yao hupangika kuanzia hapo.

Wanaopinga hutaja hatari, na wana haki. Jina linaloletwa kila mara ni la Frank Dye, Mwingereza aliyevuka kwa Wayfarer yake, Wanderer, kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963, na mwaka uliofuata akaelekea Norway. Katika safari hiyo ya pili dhoruba iliipindua mashua zaidi ya mara moja na kuvunja mlingoti. Hata hivyo yeye na mwenzake walifika. Mashabiki husema: mnaona, dingi inaweza kwenda popote. Wapinzani husema: mnaona, huo ni wazimu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimechukua ushahidi usiohusika. Safari ya Dye ilikuwa ya bahari kuu, iliyoendeshwa na mtu wa maandalizi makubwa na uvumilivu wa ajabu. Safari ya kandokando ya pwani hupimwa kwa mambo mengine: kusikiliza utabiri wa hewa na kukubali kutotoka, kupunguza tanga kabla ya kulazimishwa, kujua hori la kukimbilia liko umbali gani, kukokota mashua mchangani na kulala pwani upepo ukigeuka. Mkuku mzito hauruhusu hilo la mwisho. Nakubali hata hivyo kwamba ipo hatari ambayo ufundi hauiondoi. Katika bahari za kaskazini mtu akitumbukia, baridi humkata pumzi katika dakika ya kwanza, na baada ya muda mfupi mikono hukosa nguvu ya kushika kamba. Kwa hiyo jaketi la kuokolea na nguo za kuzuia baridi huvaliwa kabla ya kuondoka ufukweni. Na kila anayenuia kusafiri na aipindue mashua yake kwa makusudi karibu na nchi kavu, akanyage ule ubao wa katikati, aivute isimame, aifue maji, mpaka azoee.

Yapo na malalamiko kwamba huu ni mchezo wa wenye nacho. Kwa yoti, ndiyo. Lakini mwaka 1962 Jack Holt na Barry Bucknell walitoa Mirror, dingi ya mita 3.3 iliyouzwa ikiwa vipande ili mnunuzi aiunde mwenyewe nyumbani. Mbao za plaiwudi zilishonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi, kazi isiyohitaji seremala. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Watu wa visiwa vya Lamu hawawezi kuushangaa ushonaji huo, kwani mitepe yao ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ijapokuwa kamba za mtepe zilibaki maisha yote ya chombo na waya wa Mirror huachia kazi gundi. Aliyeunda chombo chake anakijua kiungo kwa kiungo, na jiwe likikitoboa ufukweni hana haja ya kutafuta fundi. Anayenunua kilichotumika hana ujuzi huo, hivyo akague kwa makini: kama vyumba vya hewa havipitishi maji, kama tanga lina kamba za kulipunguzia, na kama watu wawili wanaweza kukikokota hadi juu ya alama ya maji kujaa bila kuita msaada. Kikiwashinda hapo, ni kikubwa mno kwa safari hizi.