Mstari Uliobadilisha Wabunge wa Kajiado Kaskazini

Mnamo Septemba 17, 2012, eneo bunge la Kajiado Kaskazini, Kenya, lilifanya uchaguzi mdogo kumtafuta mrithi wa Profesa George Saitoti, aliyefariki Juni 10 mwaka huo katika ajali ya helikopta ya polisi huko Kibiku, Ngong. Moses ole Sakuda wa chama cha TNA alishinda. Haikutimia miezi sita, na katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, Sakuda huyo huyo alirudi bungeni kwa tiketi ile ile ya TNA, ila safari hii akiwa mbunge wa Kajiado Magharibi. Kaskazini ilimchagua Joseph Manje.

Kilichotokea katikati ni mipaka. Tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ilikuwa imeshachapisha ramani mpya ya maeneo bunge 290 mwezi Machi 2012, badala ya 210 ya zamani. Hata hivyo, Kifungu cha 89 cha Katiba kinasema mipaka mipya huanza kutumika Bunge linapovunjwa, si siku inapochapishwa. Ndiyo maana uchaguzi mdogo wa Septemba ulifanyika kwenye eneo bunge ambalo kisheria lilikuwa limeshahukumiwa kugawanywa. Sakuda alikuwa mbunge wa mwisho wa Kajiado Kaskazini ya zamani.

Eneo hilo la zamani lilikuwa na sura mbili. Upande mmoja kulikuwa na Ngong na Ongata Rongai, miji ambayo watu wake huamka alfajiri kupanda matatu za 111 na 125 kwenda kazini Nairobi. Upande wa pili ulikuwa nchi ya wafugaji inayoteremka Bonde la Ufa. Mgombea alilazimika kuzungumza na mpangaji wa Rongai kuhusu maji na barabara, kisha ateremke kuzungumza na wazee wa Ewuaso kuhusu malisho na ukame. Saitoti aliliweza hilo tangu 1988 hadi kifo chake, kwa KANU, kisha NARC, kisha PNU. Alikuwa Makamu wa Rais kwa karibu nusu ya muda huo, na kwa maoni yangu uzito huo wa serikali ndio ulioziunganisha sura mbili ambazo hazikuwa na jambo jingine la kuziunganisha.

Mstari wa 2012 ulizitenganisha. Magharibi ilichukua Magadi, Mosiro, Iloodokilani, Keekonyokie na Ewuaso Oonkidong'i. Kaskazini ilibaki na wadi tano zilizobanana kando ya Nairobi: Ngong, Oloolua, Olkeri, Nkaimurunya na Ongata Rongai. Tangu hapo mshindi wa Kaskazini hahitaji kura hata moja ya Ewuaso. Ardhi ya wafugaji iliyokatwakatwa kuwa ploti kwa miaka mingi, ikauzwa na kujengwa nyumba za kupanga, ilikuwa imeshaleta wapiga kura wapya kutoka kila pembe ya nchi. Ramani ndiyo iliyowapa eneo bunge lao. Manje alishinda 2013 kwa TNA na 2017 kwa Jubilee, naye Onesmus Ngogoyo akashinda 2022 kwa UDA.

Jambo moja, hata hivyo, mstari haukuligusa. Katika kila uchaguzi mkuu tangu 1992, Kajiado Kaskazini imempeleka bungeni mgombea wa chama au muungano uliotangazwa kushinda urais. Sura ya mbunge ilibadilika, tabia hiyo ikabaki.

Sasa tazama hesabu, kwa sababu hapa ndipo penye dhuluma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Gawanya kwa 290, unapata wastani wa watu 164,000 hivi kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 40 katika majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Hata ukitumia asilimia 40, kilele ni kama 229,600. Kajiado Kaskazini ilikuwa na watu 306,596. Lamu Mashariki, nayo ina mbunge mmoja, ilikuwa na 22,258.

Siwalaumu watu wa Faza na Kiunga huko Lamu Mashariki. Visiwa na umbali ni vigezo halali vya Katiba, na katika mapitio ya kwanza ilikatazwa kufuta eneo bunge lolote lililokuwapo. Lakini sehemu kubwa ya fedha za CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge unaotoa pia basari, hugawanywa sawa kwa maeneo bunge, bila kuhesabu vichwa. Mzazi wa Nkaimurunya anayepanga foleni ya basari anagombea fungu dogo kwa sababu tu ya mahali alipopata nyumba ya kupanga.

Mapitio yanayofuata yalipaswa kufanyika kati ya miaka minane na kumi na miwili baada ya yale ya 2012. Machi 2024 ilipita tume ikiwa haina makamishna. Waliapishwa Julai 2025. Na kwa kuwa mapitio yanayokamilika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu hayatumiki katika uchaguzi huo, ramani yoyote itakayochelewa kupita Agosti 2026 haitaonekana kwenye kura ya 2027.

Idadi ya 290 imeandikwa katika Katiba, kwa hiyo Rongai haiwezi kupata eneo bunge lake bila lingine kuunganishwa mahali fulani. Wenye la kupoteza watajipanga mapema. Wakazi wa Ngong na Rongai, vikao vya tume vikiitishwa msivikose kwa sababu ya foleni ya Magadi Road. Nendeni na takwimu za wadi zenu mkononi. Na uamuzi ukishachapishwa, asiyeridhika ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu.