Kukanusha na Kufikiri: Maandalizi ya Mitihani ya Hoja

Katika mitihani itumiwayo Marekani na Kanada kuchagulia wanafunzi wa vyuo vikuu, upimaji wa hoja umezidi kupewa uzito. Mtihani wa LSAT, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1948 kwa ajili ya watakao kusoma sheria, tangu Agosti 2024 una sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu zihesabiwazo alama, kila moja kwa dakika 35. Mtihani wa GMAT, ufanywao na watakao kusoma usimamizi wa biashara, wakiwamo wanafunzi wa Afrika Mashariki, una maswali 23 ya hoja na ufahamu kwa dakika 45. Ufinyu huo wa muda umezaa vitabu vingi vya maandalizi, navyo vyastahili kupimwa kwa kipimo kile kile vikifundishacho.

Sifa ya vitabu hivyo ni mpango. Maswali yamegawanywa kwa aina zake: kuna yatakayo hoja itiwe nguvu, yatakayo idhoofishwe, yatakayo kosa lionyeshwe, na yatakayo jambo lisilosemwa lifichuliwe. Mgawanyo huu una msingi. Stephen Toulmin, katika kitabu chake The Uses of Argument cha mwaka 1958, alitenga dai, ushahidi wake, na kiungo kiruhusucho kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Na kiungo hicho aghalabu hakitamkwi. Mwanafunzi aliyezoea kukitafuta amekwisha kupata sehemu kubwa ya elimu hii.

Kasoro huanza pale mpango unapogeuzwa kuwa njia ya mkato. Mwanafunzi huambiwa, kwa mfano, akimbie kila jibu lenye neno kali kama “wote” au “kamwe”. Kanuni hiyo haina mashiko. Ikiwa ushahidi wenyewe ni mkali, hitimisho kali laweza kuwa halali. Na atafutaye jibu la kudhoofisha hoja huenda akalikuta katika kauli iliyo kali kupita zote. Neno haliwi kosa kwa ukali wake, bali kwa kupita kiasi kinachodaiwa na swali.

Mfano huu utadhihirisha jambo hilo. Mji mmoja uliongeza taa za barabarani. Mwaka uliofuata ajali za usiku zikapungua. Basi, taa ndizo zilizopunguza ajali. Mtahiniwa aulizwa: hoja hii yategemea jambo gani lisilosemwa? Jibu la kwanza lasema: “Upungufu wa ajali haukuletwa na uchache wa magari yapitayo usiku.” La pili lasema: “Miji yote iongezayo taa hupata upungufu wa ajali.” Vitabu vyafundisha, na hapo vyasema kweli, kwamba kila jibu likanushwe; likikanushwa na hoja ikaanguka, hilo ndilo litakiwalo. Jibu la kwanza likikanushwa, upungufu umeletwa na uchache wa magari, na hitimisho laanguka. Je, la pili? Akanushaye kwa haraka atasema: “Miji yote iongezayo taa haipati upungufu.” Kwa maneno hayo hakuna hata mji mmoja ulionufaika, hoja yaonekana imeanguka, na mtahiniwa huchagua jibu lisilo sahihi. Ukanushi wa haki ni huu: “Si miji yote iongezayo taa ipatayo upungufu.” Huenda ukawapo mji ulioshindwa kwa sababu zake wenyewe, na hoja juu ya mji wa kwanza ikasimama kama ilivyokuwa.

Hapa sarufi ya Kiswahili ni msaada mkubwa. “Wote hawakuja” na “si wote waliokuja” ni kauli mbili, wala mzoefu wa lugha hazichanganyi. Ilhali katika Kiingereza cha mazungumzo muundo ulio sawa na ule wa kwanza mara nyingi hubeba maana ya wa pili. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili anacho chombo mkononi, ila vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wasemao Kiingereza havimwonyeshi.

Kwa upande mwingine, “baadhi” lataka uangalifu. Asikiaye kwamba baadhi ya wageni wamefika hudhani wengine hawajafika. Katika lugha ya mitihani hii, neno lenye maana hiyo lamaanisha mmoja au zaidi, wala halikatai kwamba wote wamefika. Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Paul Grice, katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967, alieleza jinsi msikilizaji azidishavyo juu ya yaliyotamkwa. Mtahiniwa hana budi kutenga kilichosemwa na alichokidhania.

Yafuata kwamba maandalizi yaliyo bora ni machache kwa wingi na mazito kwa uzito: karatasi za mitihani ya kweli iliyopita, ambazo watungaji wa LSAT wamezitoa kwa umma, kila jibu lililokataliwa kuandikiwa sababu ya kukataliwa, na kila kauli kukanushwa kwa lugha ya nyumbani kabla ya kukanushwa kwa lugha ya mtihani. Ahesabuye maswali aliyoyamaliza amepima bidii yake tu. Awezaye kueleza kwa nini jibu la pili limeshindwa ndiye aliyejifunza kufikiri, na elimu hiyo itabaki naye hata baada ya alama kusahauliwa.