Ukucha Juu ya Fimbo ya Chuma

Mwaka 1956, katika kijiji cha Rothsay, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mfugaji wa bata mzinga aitwaye Eddie Velo aliwapelekea shida yake mafundi wawili wa kijijini, ndugu Louis na Cyril Keller. Banda lake lilikuwa la ghorofa, lenye nguzo nyingi, na samadi ilirundikana mahali ambapo trekta halingeweza kupita. Alitaka mashine nyepesi ambayo sakafu ya juu ingeihimili, na yenye uwezo wa kugeuka kati ya nguzo. Mwanzoni mwa 1957 akaipata: kipakizi kidogo cha magurudumu matatu, kilichoundwa karakanani hapohapo kijijini. Mwaka 1958 kampuni ya Melroe ikachukua haki ya kukitengeneza, mwaka 1960 ikatoa cha magurudumu manne, na mwaka 1962 ikakipa jina la Bobcat.

Kwa hiyo mtu anayeifufua mashine ya namna hii uani kwake anairudisha mahali ilipozaliwa.

Kazi hiyo inaeleweka vizuri Butembo. Mji huu wa Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulikaa miaka mingi bila umeme wa gridi ya taifa, na wafanyabiashara wake wamewahi kuchanga fedha zao wenyewe ili barabara zipitike. Barabara ya taifa namba 2, inayopanda kutoka Kanyabayonga kupitia Kirumba na Lubero hadi Butembo na Beni, wakati wa mvua huwa tope linalomeza lori hadi ekseli. Gari linaloishi humo halihesabiwi umri kwa miaka. Linavunjika, linafunguliwa, linachomelewa, linarudi njiani likiwa na viazi na maharage. Hata kinachoshindwa kurudi hakitupwi: raba ya tairi iliyokwisha huvalishwa gurudumu la chukudu, gari la mbao linalosukumwa na vijana, na beringi iliyotoka kwenye mashine iliyokufa hupata kazi humohumo.

Ufundi huu unastahili sifa kwa sababu unaanza na kuelewa. Mashine ya magurudumu manne iliyotokana na ile ya akina Keller ni mwalimu mzuri wa jambo hilo. Haina usukani. Magurudumu ya kushoto yanaendeshwa pamoja, ya kulia pamoja. Upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, mashine inazunguka palepale iliposimama. Magurudumu hayakunji kona, yanaburuzwa. Sifa hiyo iliyoifanya ipendwe ndiyo inayoimaliza, maana kila mgeuko unavuta minyororo, unatesa ekseli na kula beringi. Fundi anayejua hivyo hahitaji kuelekezwa pa kutazama.

Kwanza anaiosha, kwa kuwa chini ya magamba ya oili na vumbi hakuna anayeweza kujua panapovuja. Kisha anaifungia mikono ya kunyanyulia kwa kizuizi cha chuma kabla ya kuingiza kichwa chini yake. Haidroliki iliyochoka huweza kuachia ghafla, na mikono hiyo huua. Ndipo anapofungua boksi la minyororo lililo kati ya magurudumu na kuimwaga oili kwenye beseni. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe zinazometa, kuna meno au beringi inayosagika. Anachovya vidole, anasugua taratibu, anasikiliza kwa ngozi kama kuna mchanga. Anashika mnyororo katikati na kuuinua, apime ulivyolegea.

Injini iliyokaa muda mrefu huwa imekamata. Mwenye haraka huilazimisha kwa starta na kuvunja ringi za pistoni. Fundi anafungua plagi, anatia oili laini ndani ya silinda, anaiacha inywe siku kadhaa, kisha anajaribu kuizungusha kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma.

Silinda za haidroliki zinadai subira kubwa kuliko yote. Anayeona zinavuja hukimbilia kubadili sili, lakini fimbo ya pistoni ikiwa na vitundu vya kutu, sili mpya itachanika kama ile ya zamani. Fundi anapitisha ukucha juu ya fimbo polepole, kutoka ncha hadi ncha, akiizungusha. Macho yanaweza kudanganywa na mng'ao wa chuma, ukucha hukwama. Ulipokwama pasipo na kina anapasugua kwa msasa laini uliolowa oili, na palipoliwa sana fimbo inakwenda kwa mchonga vyuma.

Vipuri vina safari zake. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliitwaa Kanyabayonga, kisha Kirumba, na barabara ya kusini ikakatwa na mstari wa mapigano. Ilibaki njia ya mashariki, kupitia Kasindi hadi Kampala. Kipuri kinapochelewa, mikono inafanya inachoweza. Gasketi, kwa mfano, hukatwa papo hapo: karatasi yake inalazwa juu ya chuma, kisha inagongwagongwa kwa nyundo ndogo kufuata ukingo, mpaka chuma chenyewe kiikate kwa umbo lake, pamoja na matundu ya bolti.

Ukanda huu una ushahidi mkubwa wa maana ya kutunza chuma. Julai 1916, karibu na Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, wakazikuta bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walifanya kazi kwa ajili ya fundi wasiyemjua, tena wa upande wa adui. Anayepaka grisi kwenye pini za kipakizi kikuukuu naye anamfanyia hivyo mtu atakayekifungua baada yake.

Siku mashine inapowaka, kazi bado haijaisha. Inapewa mzigo mwepesi kwanza, udongo nusu ndoo, huku mtu akiitembelea pande zote kutafuta tone jipya la oili. Baada ya saa chache za kazi bolti zote zinakazwa upya, filta ya haidroliki inabadilishwa mapema, na oili ya boksi la minyororo inamwagwa tena kwenye beseni, kwa sababu uchafu uliojificha pembeni hutoka minyororo inapoanza kuvuta. Fundi anachovya vidole humo mara ya pili, na mwanafunzi wake anachovya vya kwake.