Gari Lililozaliwa na Uhaba

Ubishi wa gari bora kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa Uingereza huharibika mapema, kwa sababu wabishi wengi huanza na magari ambayo hawajawahi kuyaona yakikwama. Mmoja atataja Jaguar E-Type ya mwaka 1961, na kweli umbo lake bado linasimamisha watu njiani. Mwingine atataja McLaren F1, iliyofikisha mwendo wa kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Wa tatu atashika Mini ya mwaka 1959 ya Alec Issigonis, ambaye aliigeuza injini ikae kwa upana ili abiria wapate nafasi ndani ya gari dogo. Huyu ana hoja nzito: kura ya kimataifa ya gari la karne ilipohitimishwa mwaka 1999, Mini ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Ford Model T ya Marekani. Anayetaka heshima atasema Rolls-Royce, na hahitaji kuvuka bahari kuiona, kwani iko moja katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, iliyotumika enzi za ukoloni na baadaye ikambeba Mwalimu Nyerere.

Mimi nabishia Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, na huku jibu langu ni moja: Land Rover ya zamani, hasa ile ndefu ya 109. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani kama sentimita 277. Uhodari wake matopeni unajulikana, na magari mengine nayo yanaweza kuufikia. Kinachonivuta ni jinsi lilivyoungwa.

Tuanzie lilikotoka. Uingereza ilimaliza vita mwaka 1945 ikiwa mshindi aliyefilisika. Kati ya mwaka 1946 na 1948 hata mkate uligawiwa kwa kipimo. Chuma nacho kilikuwa cha mgao, na serikali iliwapa kwanza wenye viwanda wanaouza nje ya nchi. Kampuni ya Rover, pale Solihull karibu na Birmingham, ilikuwa na kiwanda kikubwa na kazi ndogo. Mkuu wake wa uhandisi, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni, waliamua kutengeneza gari la mkulima. Tarehe 30 Aprili 1948 wakalionyesha Amsterdam. Walidhani ni gari la kupitishia miaka miwili mitatu ya dhiki, kisha warudi kwenye magari yao ya kifahari.

Sasa tazama dhiki hiyo ilivyoingia ndani ya gari lenyewe. Chuma hakipatikani, basi bodi ikawa ya alumini, metali iliyokuwa imezagaa baada ya viwanda vya ndege za kivita kupunguza kazi. Fedha za kutengeneza kalibu za mashine kubwa za kukandamiza bati hazipo, basi bati likaachwa bapa, likakunjwa mikunjo rahisi tu. Chasisi nayo haikufinyangwa kwa mashine. Walichukua vipande vinne vya chuma bapa, wakavichomelea kingo kwa kingo hadi vikawa boriti lenye uwazi ndani. Madigadi, milango na bodi ya nyuma vikafungwa kwa bolti na riveti, kila kimoja peke yake.

Nadhani hapo ndipo Solihull na Mugumu zilipokutana bila kujuana. Jinsi gari lile lilivyotengenezwa na watu wasio na mashine kubwa ndivyo linavyoweza kutengenezwa upya na watu wasio na mashine kubwa.

Yupo fundi mmoja mjini hapa ambaye gereji yake ni uwanja wenye bati upande mmoja, mashine ya kuchomelea, grenda, na rundo la vyuma ambavyo yeye peke yake anajua kipi ni cha gari lipi. Nimemtazama akirudisha boriti la nyuma la 109. Kwanza hakushika grenda. Alichukua nyundo ndogo akapita akigonga chasisi kuanzia mbele, hatua kwa hatua, sikio limeinama. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti fupi iliyokufa. Kila alipopata sauti ile alichora kwa chaki, na alipofika mwisho mchoro ulikuwa umeonyesha ugonjwa wote, pamoja na sehemu ambazo rangi ilikuwa bado nzuri kabisa.

Akakata boksi la sabuni kwa umbo la kipande kinachotakiwa, akalijaribisha, akalipunguza, akalijaribisha tena. Ndipo akahamishia umbo kwenye bamba la chuma. Alipoliweka mahali pake alilishika kwa nukta nne tu za moto, kisha akachukua kamba na kupima mshazari: kona ya kushoto mbele hadi kulia nyuma, halafu kinyume chake. Kamba zilipolingana ndipo alipoanza kuchomelea kwa kweli, na hata hapo alichomelea kidogo upande huu, akaruka upande ule, akasubiri. Nikamuuliza, "Mzee, mbona humalizi upande mmoja kwanza?"

"Chuma kikipata moto upande mmoja kinavuta, mura. Kikivuta, gari halitaenda mbele. Litaenda kiubavu, na matairi utanunua wewe."

Bodi ina namna yake. Alumini haikubali mashine ya kuchomelea ya kawaida, kwa hiyo panapochanika huwekwa kiraka na kupigwa riveti, na panapobonyea hunyooshwa kwa nyundo ya mbao taratibu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Ina adui wake pia: inapogusana na chuma penye unyevu hugeuka unga mweupe. Fundi yule hukata vipande vya tyubu ya tairi akavilaza kati ya bodi na chasisi kabla ya kufunga bolti. Kwa jicho la harakaharaka ni uchafu wa mpira. Kwa anayejua, hapo gari limeongezewa maisha.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kuonyesha jambo moja tu kwa mbishi wa Jaguar, ningemwonyesha hafu shafti, zile fimbo mbili za chuma ndani ya ekseli zinazopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye tairi. Katika Land Rover za zamani meno ya fimbo hii ni 10, na ndiyo udhaifu wake mkubwa. Chukua 109 iliyojaa watu na magunia ya mahindi, ikitoka Robanda kuelekea Natta wakati wa masika. Barabara za kando huku zina ule udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hushika tairi usiliachie. Dereva anakanyaga mafuta, tairi la nyuma limezama, unasikika mlio mmoja mkavu, halafu injini inalia bure na gari halisogei. Hafu shafti imekatika.

Kwa magari mengi safari imeishia hapo. Kwa hili, dereva anashuka na spana. Katikati ya tairi kuna kifuniko cha chuma kilichoshikwa na bolti sita. Anazifungua, anavuta, na fimbo inatoka na kifuniko chake. Hapigi jeki, na tairi halitoki, kwa sababu uzito wa gari umebebwa na bomba la ekseli na beringi zake, na fimbo yenyewe haibebi chochote. Kipande kilichobaki ndani, wazoefu hukivua kwa kitanzi cha waya kupitia tundu lile lile. Akishafunga tundu kuzuia tope, dereva anarudi kwenye usukani, anabonyeza kile kitufe cha njano kando ya gia, ekseli ya mbele inaingia kazini, na gari linavutwa na matairi ya mbele hadi nyumbani. Pakiwa pagumu zaidi kuna fimbo nyekundu ya gia nzito.

Waingereza wenyewe waliuona udhaifu huo. Katika 109 za toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971, wakaja kuweka ekseli ya nyuma ya Salisbury yenye fimbo za meno 24, na mafundi wa huku wakiipata hiyo hawaiachii. Lakini mimi naistahi zaidi ile ya zamani. Aliyeibuni alijua kuwa kila gari lina mahali litakapokatika, na akahakikisha mahali hapo panafikika kwa spana moja, na mtu aliye peke yake porini, tena aliyechoka.

Ufundi huu ulipimwa kikatili katika nchi yetu. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Tarime, ambayo kituo cha mpakani cha Sirari kiko mlangoni mwake, huo ulikuwa ukuta mbele ya nyumba. Ng'ambo kule Thika, Leyland Kenya ilikuwa ikiunganisha Land Rover, na spea ziko karibu lakini hazivuki kihalali. Katikati ya miaka hiyo ikaja Vita vya Kagera, na baada ya vita fedha za kigeni zikakauka. Magari mengi nchini yalipandishwa juu ya mawe yakawa mabanda ya kuku. Land Rover iliyokufa haikuwa imekufa yote: mlango ulikwenda kwa hii, giaboksi kwa ile, na kwa kuwa umbo lilibadilika kidogo sana mwaka hadi mwaka, cha zamani kiliingia kwenye kipya na kipya kwenye cha zamani.

Na porini hapa jirani gari hilo lilikuwa na historia yake. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Myles Turner, aliyekuwa mhifadhi pale kuanzia mwaka 1956 hadi 1972, na askari wake walifukuzana na majangili kwa Land Rover. Mtafiti George Schaller alipokuja kuwachunguza simba kati ya mwaka 1966 na 1969, Land Rover ndiyo iliyokuwa kituo chake cha kazi. Mengi ambayo dunia inayajua leo kuhusu maisha ya simba yaliandikwa kwanza na mtu aliyekaa kimya kwenye kiti cha gari hili.

Msema kweli mpenzi wa Mungu: Toyota ilishinda. Ukisimama kwenye lango la hifadhi la Ikoma au Ndabaka leo, magari ya watalii yanayopita ni Land Cruiser baada ya Land Cruiser. Sababu zipo wazi. Tangu mwaka 1968 Land Rover ilikuwa chini ya British Leyland, kampuni kubwa iliyokuwa ikizama, na faida ya gari hili ilitumika kuyaokoa magari mengine badala ya kuliboresha. Wateja walisubiri foleni, oili ilivuja, hafu shafti zilikatika, na Mjapani alikuja na gari ambalo halivuji wala halikatiki. Mtu anayetaka kufika tu na achukue Toyota, sina ugomvi naye. Ila swali letu lilikuwa gari la Mwingereza, na ubora ninaousifu ni ule unaoonekana gari likiwa limefunguliwa.

Land Rover ya mwisho ya ukoo ule, ambayo tangu mwaka 1990 ilikuwa ikiitwa Defender, ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016. Zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 2. Defender mpya inaundwa Nitra, Slovakia, ni gari la kisasa na lenye nguvu, lakini haina chasisi ya kugonga kwa nyundo, na ikigoma huulizwa kwa kompyuta. Oktoba 2024 Arusha ilipoita wenye Land Rover waje kuunda msafara, zilifika zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za zamani, nyingi zikiwa zimepita mikononi mwa mafundi ambao hakuna kitabu kitakachowataja.

Fundi wangu hakwenda, alikuwa na kazi. Boriti la nyuma limekwisha, sasa yuko kwenye ukuta wa mbele, ule unaoshika usukani, kioo na bawaba za milango. Huo ni wa chuma, na sehemu za miguuni zimepinda mipindo ambayo Solihull iliitoa kwa mashine za kukandamizia, mashine zile zile ambazo gari la kwanza lilizikwepa. Kutu imekula upande wa dereva wote. Ameamua kuutengeneza kwa vipande vitatu badala ya kimoja, viungio vikae mahali ambapo maji hayatuami. Mipindo ya kipande cha chini ameshaipata kwa kukunja bamba juu ya bomba la zamani la maji. Cha juu bado kinamkataa, na maboksi ya sabuni aliyoyakata kutafuta umbo lake yamejaa kwenye kiti cha abiria.